Kununua Ndege ya Kujifunzia Urubani: Ushauri kwa Wasomaji wa Issenye na Jirani Zake

Miongoni mwa maswali yanayorudi mara kwa mara kutoka kwa wasomaji wa Issenye, Nata, Ikoma, Mugumu na Tarime, yaani watu ambao ndege ndogo za watalii hupita juu ya mashamba yao zikielekea Seronera, Sasakwa au Fort Ikoma, ni hili: kwa kuwa mafunzo ya urubani hulipiwa kwa kila saa ya kuruka, na saa hizo ni nyingi, je, si nafuu kwa familia yenye uwezo kununua ndege ndogo iliyokwisha kutumika, kijana akajifunzia humo, kisha ikauzwa leseni ikishapatikana? Swali hili linastahili jibu la hesabu na la hatua, kwa sababu wapo waliofanikiwa kwa njia hiyo katika nchi nyingi, na wapo walioachwa na ndege isiyoruka, nyasi zikiota kwenye magurudumu yake.

Jibu fupi ni kwamba anayetafuta leseni ya rubani binafsi peke yake, yaani leseni inayomruhusu kurusha ndege bila kulipwa, kwa kawaida hutumia fedha nyingi zaidi akinunua ndege kuliko akikodi ya chuo, ilhali anayekusudia kufikia leseni ya rubani wa biashara, au watu watatu au wanne wanaojifunza kwa pamoja, wanaweza kupata nafuu ya kweli. Nafuu hiyo, hata hivyo, ina sharti moja: ndege ikae alipo mkufunzi, alipo fundi na yalipo mafuta, hata kama mahali hapo ni mbali na nyumbani kwa mwenye ndege.

Hatua zinazotangulia ununuzi

Kosa linalowagharimu wengi ni kuanza na ndege badala ya kuanza na rubani. Mpangilio unaofaa ni huu ufuatao, na haufai kugeuzwa hata pale muuzaji anapodai kwamba yuko mnunuzi mwingine mlangoni.

1. Kupimwa afya na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambayo hufupishwa TCAA. Rubani binafsi huhitaji cheti cha afya cha Daraja la Pili, na rubani wa biashara cha Daraja la Kwanza, ambacho ni kikali zaidi. Mwenye nia ya kufanya urubani kuwa kazi apimwe Daraja la Kwanza tangu mwanzo, kwa kuwa kasoro ya kutofautisha rangi, ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka yote bila kuijua, huweza kufunga mlango wa ajira baada ya ndege kulipiwa.
2. Kuhakikisha umri na lugha. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hutaka miaka 17 kwa leseni ya rubani binafsi na miaka 18 kwa ya biashara. Mawasiliano ya redio ya kimataifa hudai Kiingereza cha angalau daraja la nne katika kipimo chenye madaraja sita. Aliyemaliza sekondari ya Issenye bila kuzoea kukizungumza atumie miezi ya kusubiri ndege kukizoea.
3. Kupata nafasi katika chuo cha urubani kilichoidhinishwa, na kupata kutoka kwake barua inayosema kama kitakubali mwanafunzi afundishwe katika ndege yake mwenyewe, ya aina gani na kwa masharti gani.
4. Kuruka saa kumi hadi kumi na tano katika ndege ya chuo kabla ya kutafuta ndege yoyote. Katika saa hizo mwanafunzi hujua kama kichefuchefu kitamwacha, kama anaipenda kazi yenyewe au aliipenda sare tu, na kama mkufunzi wake ni mtu anayeweza kukaa naye katika chumba kidogo kiasi hicho.

Hatua ya tatu ndiyo inayoruka vichwani mwa wengi. Msomaji huuliza: mkufunzi mwenye leseni akikubali kuja Issenye na kufundisha huko huko, chuo ni cha nini? Jibu ni kwamba mafunzo yanayoelekea kwenye leseni huhesabiwa yanapofanyika chini ya taasisi iliyoidhinishwa, yenye mtaala, kumbukumbu na ndege zilizokaguliwa kwa ajili ya kazi hiyo, kwa hiyo saa zilizorukwa nje ya utaratibu huo zinaweza kukataliwa zote siku ya kuomba leseni. Kampuni ya bima nayo hutaka kujua jina la mkufunzi na la mwanafunzi kabla ya ajali, si baada yake.

Kuhusu idadi ya saa, kiwango cha chini cha kimataifa kwa leseni ya rubani binafsi ni saa 40, au 35 kwa aliyefuata kozi iliyoidhinishwa. Kati ya hizo, saa 10 mwanafunzi huruka peke yake, na ndani ya saa hizo 10, tano ni za safari za kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, ikiwamo safari moja isiyopungua kilomita 270 yenye kutua katika viwanja viwili tofauti. Kwa rubani wa biashara kiwango ni saa 200, au 150 katika kozi iliyoidhinishwa. Wachache sana humaliza leseni ya kwanza kwa saa 40 kamili, na mwenye busara hupanga bajeti ya saa 60.

Ndege ikae wapi

Wazo la kuiegesha ndege karibu na nyumbani linavutia, na katika Wilaya ya Serengeti linaonekana kuwa rahisi kwa sababu viwanja vipo vingi kuliko katika wilaya nyingi za Tanzania. Seronera, Kirawira, Lobo na Kogatende vimo ndani ya hifadhi, Fort Ikoma kiko ukingoni, na Sasakwa kinahudumia hoteli za Grumeti. Hata hivyo viwanja hivi vilijengwa kwa ajili ya ndege zinazoshusha watalii na kuondoka. Vya ndani ya hifadhi viko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na vina ada na masharti yake, na cha binafsi hakitumiki bila idhini ya mwenyewe. Mwanafunzi anayehitaji kutua na kupaa mara nane au kumi kwa saa moja, akirudia zoezi lile lile, hapaswi kutegemea kwamba atavumiliwa mahali ambapo tembo na wageni wamelipiwa utulivu.

Wako wanaofikiria kusafisha njia yao ya kurukia katika ardhi ya kijiji. Jambo hilo linawezekana kisheria kwa idhini ya TCAA na ya wenye ardhi, lakini mpakani mwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, penye njia za nyumbu na malisho ya mifugo, uzio peke yake huweza kuzidi bei ya ndege, na sehemu nyingi za udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi ambao mvua za Machi hadi Mei huugeuza tope linalomeza magurudumu.

Mahali panapofaa hupimwa kwa mambo matatu.

- Mkufunzi wa chuo kilichoidhinishwa awepo hapo kila siku, si kwa miadi. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, yaliko makao ya klabu ya marubani ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa 1927, una vyuo na karakana nyingi zaidi katika eneo hili, na Soroti nchini Uganda kuna chuo cha usafiri wa anga kilichoanzishwa 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Anayejifunzia nje ya Tanzania aulize mapema TCAA itamdai mitihani na nyaraka gani ili leseni ya nchi jirani itambuliwe, na kama ndege yenye usajili wa Tanzania, unaoanza na 5H, itakubaliwa na chuo cha huko.
- Karakana iliyoidhinishwa iwepo katika uwanja huo huo. Ndege ndogo hufanyiwa huduma kila baada ya saa 50 na ukaguzi mkubwa kila baada ya saa 100 au kila mwaka, kutegemea mpango wa matengenezo uliokubaliwa. Fundi akitoka Arusha hadi Serengeti kwa ajili ya plagi moja iliyoungua, mwenye ndege atalipa siku mbili za fundi.
- Mafuta sahihi yapatikane mwaka mzima.

Jambo la mafuta linahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndilo linaloua. Ndege kubwa kidogo za abiria zinazotua Seronera, kama Cessna Caravan, zina injini za tabini zinazotumia mafuta aina ya Jet A-1, ambayo kwa asili ni jamaa ya mafuta ya taa. Ndege nyingi za kujifunzia zina injini za pistoni zinazotumia petroli ya ndege, ambayo marubani huiita avgas, na ile ya kawaida, 100LL, hutiwa rangi ya buluu ili itambulike. Kuwapo kwa mafuta ya ndege uwanjani, basi, hakumaanishi kwamba mafuta ya ndege ya mwanafunzi yapo. Jet A-1 ikitiwa katika injini ya pistoni, injini huweza kuwaka kwa petroli iliyobaki kwenye mipira, ikaipandisha ndege, kisha ikaharibika au kuzima muda mfupi baada ya kupaa. Mwenye ndege asimame mwenyewe wakati wa kujaza, atazame rangi katika kikombe cha kupimia, asubiri maji na uchafu vitulie chini, na asome alichoandikiwa kwenye stakabadhi. Mafuta ya mapipa yaliyosafirishwa kwa barabara kutoka Mwanza au Arusha yachujwe kila mara, kwa kuwa pipa likikaa wima juani na usiku wenye umande, maji hujikusanya juu ya mfuniko na kupenya ndani.

Hesabu kabla ya ndege

Gharama za ndege ni za aina mbili, na hesabu nyingi za wanunuzi huharibika kwa kuchanganya aina hizo. Ziko gharama za kudumu, yaani bima, maegesho, ukaguzi wa mwaka na ada za vyeti, na ziko gharama za saa, yaani mafuta, oili, huduma ndogo, mkufunzi, na akiba ya ukarabati mkuu wa injini ambao mafundi huuita ovaholi. Ndege ni kama ng'ombe wa maziwa, hula hata siku asizokamuliwa, na ndiyo maana mwanafunzi anayeruka mara mbili kwa mwezi hulipa bei kubwa kwa kila saa kuliko anayeruka mara nne kwa wiki.

Mfano ufuatao unatumia tarakimu za kudhania, zilizowekwa kuonyesha njia ya kukokotoa. Kila mnunuzi aweke zake baada ya kuuliza bei za siku hiyo. Tuseme gharama za kudumu za Cessna 152 ni dola 9,000 kwa mwaka. Ndege hiyo hutumia takriban lita 23 kwa saa, na lita ikiwa dola 3, mafuta ni dola 69. Oili na huduma ndogo ziwe dola 16, akiba ya injini na propela dola 15, na mkufunzi dola 40. Jumla ya gharama za saa ni dola 140. Akiruka saa 60 kwa mwaka, gharama za kudumu humwongezea dola 150 kwa kila saa, hivyo saa moja humfikia kwa dola 290. Chuo kikitoza dola 220 kwa saa pamoja na mkufunzi, mwanafunzi huyo amepata hasara, na bado bei ya ndege yenyewe haijaguswa. Ili alingane na chuo, dola 9,000 zigawanywe kwa dola 80 ambazo anaokoa kila saa, nazo hutoa saa 113 kwa mwaka. Anayekusudia saa 200 katika miezi kumi na minane anapita kiwango hicho. Anayezigawa saa hizo katika miaka mitatu hakifikii.

Mbali na hesabu hiyo, ziwekwe kando fedha za dharura zisizopungua gharama ya silinda moja na redio moja. Aliyetumia shilingi ya mwisho kununua ndege amenunua pambo la uwanjani.

Aina ya ndege

Historia ya Serengeti yenyewe ina mfano wa watu walionunua ndege na kujifunza kuirusha. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walijifunza urubani wakiwa watu wazima wenye kazi nyingine, wakachagua ndege ya Kijerumani aina ya Dornier Do 27, wakaipaka milia ya pundamilia, na mwishoni mwa 1957 wakaanza safari ya kuileta Serengeti kuhesabu wanyama. Waliichagua kwa sababu iliweza kuruka polepole sana na kutua katika nafasi fupi, sifa ambazo kazi yao ilizidai. Mnunuzi anapaswa kuiga mantiki hiyo na kuacha ndege yenyewe, kwa kuwa kazi ya mwanafunzi ni kupaa na kutua mamia ya mara kwa gharama ndogo, na kazi hiyo hudai ndege nyepesi ambayo kila fundi wa eneo anaifahamu.

- Cessna 150 na 152. Zina viti viwili, na mafundi wa Afrika Mashariki wamezizoea. Ya kwanza ilitengenezwa kuanzia 1958 hadi 1977, na ya pili, yenye injini ya nguvu farasi takriban 110, hadi 1985, kwa hiyo hata iliyo changa ni kongwe. Udhaifu wake mkubwa ni uzito. Kikomo cha 152 ni takriban kilo 757, na watu wawili wa kilo 85 kila mmoja pamoja na matangi yaliyojaa hukifikia au kukivuka.
- Cessna 172. Ina viti vinne na injini yenye nguvu zaidi, na ndiyo inayofaa zaidi miinuko ya Mara, ingawa hutumia mafuta zaidi kwa karibu nusu. Mnunuzi wa 172N iliyotengenezwa kati ya 1977 na 1980 aulize hasa kuhusu injini ya O-320-H2AD, ambayo inajulikana kwa kuchakaa mapema kwa kamshafti, hasa katika ndege zilizokaa bila kuruka.
- Piper PA-28. Ina mabawa ya chini, inavumilia makosa ya mwanafunzi wakati wa kutua, na inafaa viwanja vya lami. Katika viwanja vya changarawe na nyasi ndefu bawa la chini hupigwa na mawe. Nguzo ya bawa, yaani mhimili unaobeba uzito wote wa bawa, ichunguzwe nyufa kama maelekezo ya usalama yanavyodai.
- Ndege nyepesi zenye injini ya Rotax 912. Huweza kutumia petroli isiyo na risasi ya magari, jambo linalopunguza adha ya avgas. Kabla ya kushawishika, mnunuzi aulize kama TCAA na chuo vitazihesabu saa zake kwa leseni anayoitaka.

Ndege za injini mbili, za gurudumu la mkia, au za kasi kubwa zinazouzwa bei ya kushangaza ya chini ziachwe. Bei ya chini ya ndege ngumu hulipwa kwa bima na kwa saa za ziada za mkufunzi.

Kukagua kabla ya kulipa

Ukaguzi ufanywe na fundi mwenye leseni anayelipwa na mnunuzi, asiyewahi kuitengeneza ndege hiyo wala kuwa na undugu na muuzaji. Akague kwanza karatasi, na zikimridhisha ndipo afungue vifuniko.

- Vitabu vya kumbukumbu vya ndege, injini na propela viwe kamili tangu kiwandani. Kitabu kilichopotea hupunguza thamani ya ndege kwa kiasi kikubwa, na maelezo kwamba kiliungua hayapunguzi hasara hiyo.
- Saa za injini tangu ovaholi zilinganishwe na kikomo cha mtengenezaji, ambacho kwa injini ya O-235-L2C ya Cessna 152 ni saa 2,400. Miaka nayo ihesabiwe: Lycoming, mtengenezaji wa injini hiyo, hupendekeza ovaholi kila baada ya miaka 12 hata kama saa hazijafika, maana injini isiyozunguka huliwa na kutu ndani. Injini yenye saa 1,500 iliyoruka kila wiki mara nyingi ni salama kuliko yenye saa 300 zilizorukwa katika miaka ishirini.
- Maelekezo ya lazima ya usalama yaliyotolewa kwa aina hiyo ya ndege yawe yametekelezwa na kusainiwa moja moja. Katika ndege za Cessna yazingatiwe hasa ya reli za viti, kwa kuwa kiti kinachoteleza nyuma wakati wa kupaa humfanya rubani aning'inie kwenye usukani.
- Mgandamizo wa kila silinda upimwe, oili ichukuliwe sampuli, na kichujio chake kifunguliwe kutafuta chembe za chuma.
- Kutu itafutwe ndani ya mabawa na mkia, hasa kwa ndege iliyoishi Zanzibar, Mombasa au kandokando ya ziwa.
- Ajali za zamani zitafutwe kwa macho: rangi mpya ya upande mmoja, ribiti za ukubwa tofauti, milango isiyofunga sawasawa.

Ndege inayonunuliwa Marekani ichunguzwe katika masjala ya nchi hiyo iliyoko Oklahoma City, ili ijulikane kama ina deni la benki. Malipo yapitie kwa mtu wa tatu anayeaminika kisheria, anayeshikilia fedha hadi hati zikabidhiwe. Fedha zinazotumwa moja kwa moja kwa muuzaji wa mbali ni vigumu kurudi. Maswali ya ushuru na kodi yapelekwe Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa maandishi kabla ya amana kulipwa, na TCAA nayo iulizwe kwa maandishi kama itaisajili ndege ya umri huo na historia hiyo. Muuzaji anayekataa kusubiri majibu hayo amekwisha kujibu.

Kununua kwa ushirika

Ndugu au marafiki watatu wakinunua pamoja, gharama za kudumu hugawanyika na ndege huruka mara nyingi zaidi, jambo ambalo ni afya kwa injini. Ugomvi hauanzi wakati wa kununua. Huanza siku mmoja anapotua vibaya na kupinda propela, au mmoja anapopata leseni na kutaka fedha zake wakati wengine bado wanajifunza. Kwa hiyo mkataba uandikwe na wakili kabla ya kuchanga, ukieleza:

- nani analipa makato ambayo bima haiyafidii baada ya ajali;
- namna ya kugawana siku, pamoja na msimu wa kiangazi ambao kila mmoja atautaka;
- namna ya kuthamini hisa ya anayejiondoa na muda wa kumlipa;
- nini hutokea mmoja akifariki, ili warithi wasiifungie ndege kwa minyororo wakati wa msiba;
- kwamba hakuna anayebeba abiria kwa malipo, jambo ambalo ndege ya binafsi na rubani mwanafunzi hawaruhusiwi.

Kipengele hicho cha mwisho huudhi wengi, kwa sababu mgonjwa wa kupelekwa Mwanza au mgeni wa kupelekwa Seronera yupo daima na yuko tayari kuchangia. Kuchukua fedha hizo ni biashara ya usafiri wa anga inayohitaji cheti chake mahususi, na bima hubatilika mara tu nauli inapopokelewa.

Kuruka katika anga la Mara

Mwanafunzi aliyejifunzia pwani hukuta Serengeti ndege ile ile ikiwa dhaifu. Seronera iko karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, na joto likifika nyuzi 28, hewa huwa nyepesi kana kwamba kiwanja kiko takriban mita 2,400. Katika hali hiyo injini isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa hupoteza karibu robo ya nguvu zake, huku mabawa yakidai kasi kubwa zaidi ya ardhini, hivyo ndege iliyohitaji mita 400 kupaa Dar es Salaam huweza kuhitaji mara mbili yake au zaidi. Majedwali ya kitabu cha ndege yasomwe kwa joto la saa hiyo, kwa uzito halisi, na matokeo yaongezewe akiba kwa ajili ya nyasi, changarawe na uzee wa injini. Wilson na Arusha, ambavyo viko juu pia, humfundisha mwanafunzi somo hili mapema, na hiyo ni sababu nyingine ya kujifunzia huko.

Mafunzo yafanyike asubuhi. Mchana joto hurusha ndege ndogo ovyo, na alasiri mawingu ya radi hujengeka juu ya nchi kavu mashariki ya Ziwa Viktoria, wakati usiku dhoruba huhamia juu ya ziwa lenyewe. Anayetoka Musoma asubuhi na kuchelewa Seronera kwa chai huenda asipate njia ya kurudi.

Ndege wa angani ni hatari isiyozungumzwa vya kutosha. Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, akiwa na miaka 24, alikuwa akiirusha peke yake ile Dornier yenye milia ilipogongana na tai mzoga na kuanguka, akafa. Alizikwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Tai na korongo mfuko hupanda na hewa ya joto kuanzia asubuhi ikishapamba moto, na huzunguka juu ya mizoga, kwa hiyo mwanafunzi akiona kundi linalozunguka alipitie mbali. Tai akishtuka mara nyingi hukunja mabawa na kushuka, basi rubani hupanda juu badala ya kushuka chini, mradi kasi inaruhusu.

Kwenye njia ya kurukia, kila kutua kutanguliwe na kupita chini kukagua kama kuna nyumbu, swala au mbuzi. Mnyama mmoja akivuka, idhaniwe kwamba wenzake wanamfuata.

Ndege ikilala nje usiku mmoja Fort Ikoma au penginepo, ifungwe kwa kamba ardhini, tundu la kupimia kasi lifunikwe ili nyigu wasijenge humo kwa tope, pua ya injini izibwe dhidi ya ndege wanaotaga, na magurudumu yazungushiwe boma la miiba, kwa sababu fisi hutafuna matairi, na tairi la Cessna haliuzwi Mugumu. Asubuhi vifuniko vyote vihesabiwe mkononi kabla injini haijawashwa.